Mwanangu, Futa Majarida Tusiyonayo

Kuna asubuhi moja ambayo nimejaribu miaka yote kuisahau, mwanangu Amani, na jana umenilazimisha kuikumbuka tena toka mwanzo mpaka mwisho. Kwa hiyo leo utakaa hapo kwenye kiti, utaweka simu yako mfukoni, na utanisikiliza. Chai utaipata tukimaliza. Nimekasirika, na sioni sababu ya kukuficha.

Jana alasiri msichana mmoja alikuja hapa kwangu Kilibula. Anaitwa Furaha, yuko mwaka wa mwisho pale chuoni, anaandika mémoire yake, ile kazi ya kumalizia chuo, kuhusu maji ya kunywa kule Kalundu na magonjwa ya tumbo ya watoto. Hakuja kunisalimia, hanijui. Aliambiwa tu kwamba mama aliyekuwa anatunza maktaba kabla yako, yule aliyestaafu kwa sababu ya macho, bado anaishi huku na hafukuzi watu. Akakaa palepale ulipokaa wewe. Akanieleza kwamba profesa anayemsimamia, mmoja wa hawa wanaokuja kufundisha majuma machache na kurudi kwao, anamtaka asome makala fulani ya jarida fulani, la sivyo hatamwekea saini. Jarida lenyewe liko kwenye katalogi yetu. Ukilibofya, unapelekwa kwenye ukurasa unaodai kadi ya benki. Na alipomleta profesa wake maktabani aone kwa macho yake, wewe, Amani, wewe niliyekufundisha kwa mikono hii, ulimwambia kwamba jarida lipo, mtandao tu ndio mbovu: "Revue iko, Profeseri. Ni connexion tu ndiyo iko mubaya."

Nusura niangushe sufuria.

Usinikatize. Najua utasema uliagizwa, najua utasema mkurugenzi ndiye aliyetaka, na yote hayo tutayafikia. Sentensi ile uliyoitamka naijua. Niliisikia nikiwa nimesimama katika chumba hichohicho, nikiwa mwanafunzi kama Furaha, na ilinilia mwaka mzima. Nilikufundisha namna ya kuandika rekodi, lakini hili sikuwahi kukusimulia, kwa sababu kila nikilianza, damu inanipanda.

Mimi ni mtoto wa Mutarule, hilo unalijua. Baba yangu alilima mihogo uwandani kama baba yake kabla yake. Vita vilinichelewesha, kama vilivyowachelewesha wengi wa rika langu, kwa hiyo nilianza masomo ya chuo nikiwa na umri ambao wenzangu walikuwa tayari wanapeleka watoto shule. Sikujali. Nilikuwa na jambo moja kichwani. Mihogo ya baba ilikuwa inaugua: majani yanajikunja, yanapata mabaka ya njano, na ukichimba unakuta mizizi imebaki myembamba kama vidole. Nilitaka kujua ugonjwa ule ni kitu gani na wakulima wafanye nini. Nilipofika mwaka wa mwisho, mémoire yangu ilikuwa juu ya ugonjwa huo, na mashamba niliyokwenda kupima yalikuwa ya watu walionibeba mgongoni nikiwa mtoto.

Nilikuwa nakaa Songo kwa shangazi yangu, Tantine Zawadi, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke ambaye hata akinong'ona darasa zima linanyamaza. Na kulikuwa na kazi inayonisubiri. Shule ya sekondari ya kwetu uwandani ilikuwa inatafuta mwalimu wa kilimo, na mkuu wa shule alikuwa amemwahidi baba kwamba nafasi ni yangu, mradi niwe na diploma mkononi kabla masomo hayajaanza. Baba kwa furaha yake akapeleka sadaka ya shukrani kanisani mbele ya watu wote, kabla hata sijatetea kazi yangu. Nilimwomba angoje kidogo. Akacheka, akaniambia Mungu hajawahi kumkasirikia mtu kwa kushukuru mapema.

Sasa nikueleze katalogi ilivyokuwa. Miaka michache kabla yangu, mradi mmoja kutoka nje ulileta kompyuta, antena kubwa juu ya paa, na mkataba wa kukiruhusu chuo kusoma majarida ya kisayansi kwenye mtandao. Pamoja na mkataba likaja faili lenye rekodi za majarida yote ya mradi, tayari kuingizwa. Mtunza maktaba wa wakati ule, Bwana Déo, aliliingiza lote asubuhi moja. Maktaba iliyokuwa na rafu chache za vitabu vilivyochakaa ikaonekana ina majarida maelfu. Kukawa na sherehe, Fanta, mishikaki ya mbuzi, hotuba ndefu za watu waliovaa tai kwenye joto lile la Uvira. Hakuna aliyefungua hata jarida moja siku ile kuona kama linafunguka.

Kisha mradi ukaisha. Wenyewe wakaaga, antena ikabaki juu ya paa ikishika kutu, na mkataba ukafa. Majarida yakafungwa, lakini majina yake yakabaki kwenye katalogi, kila moja na maneno yake mazuri kwamba linasomeka kutoka mwaka fulani mpaka leo. Bwana Déo alijua. Mkurugenzi alijua. Waliyaacha kwa sababu tume ya ukaguzi ilikuwa inatarajiwa kutoka Kinshasa, na kila mtu pale chuoni aliamini kwamba tume itahesabu majarida: ikikuta mengi chuo kitasalimika, ikikuta machache kitafungwa. Basi wakaiacha katalogi imevimba vile, wakawangoja wageni.

Katikati ya kungoja huko ndiko nilikoingia mimi na mihogo yangu.

Profesa wangu naye alikuwa wa kuja na kurudi. Alikuwa na siku chache tu, madarasa asubuhi, mitihani mchana, na foleni ya wanafunzi mlangoni kila mmoja na karatasi zake. Alisoma kazi yangu, akavisifu vipimo vyake, kisha akageuza kompyuta yake nione. Alikuwa amefungua katalogi yetu.

"Mademoiselle, hii revue muko nayo," akasema. "Angalia, catalogue yenu yenyewe inasema mpaka leo. Huwezi kuandika juu ya ugonjwa wa muhogo bila kusoma makala hii. Isome, ongeza mu kazi yako, kisha nitaweka signature."

Nilifurahi, mwanangu. Nilikwenda maktabani mbio. Nikabofya, ukaja ukurasa wa kudai malipo. Nikajaribu kompyuta nyingine, vilevile. Nikajaribu kwenye duka la intaneti mjini, vilevile. Nikamfuata Bwana Déo, na hapa sikiliza vizuri, Bwana Déo mwenyewe aliniambia kwa mdomo wake, tukiwa wawili tu, kwamba jarida lile halifunguki tangu mradi uondoke na halitafunguka. Nikarudi kwa profesa nikamweleza. Alinitazama namna unavyomtazama mtoto aliyesema mbuzi amekula daftari lake.

Kwa mwanafunzi wa kwetu, kumwomba profesa mgeni aache shughuli zake aje kushuhudia jambo si kitu kidogo. Watu watasema huna adabu, umekulia wapi. Lakini bila saini yake nisingeweza kuwasilisha kazi, bila kuwasilisha nisingetetea, na bila kutetea kazi ya kule nyumbani ingekwenda kwa mwingine. Nikapiga moyo konde. Nikamwomba, akaja, shingo upande.

Akaketi, akabofya mwenyewe. Ukurasa wa malipo ukaja. Akamgeukia Bwana Déo aliyekuwa amesimama pembeni, na mimi nikashusha pumzi, nikajua sasa ukweli utasemwa.

"Revue iko, Profeseri," akasema Bwana Déo. "Ni connexion tu, leo iko mubaya. Huyu binti angekuja kuniuliza mapema, ningemusaidia."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Papa Déo," nikamwambia, "si minye nilikuja kwako juzi? Si weye mwenyewe uliniambia kama haifunguke tena?"

Hakuniangalia. Alikuwa na kitambaa mkononi, akaanza kufuta vumbi kwenye kibodi. "Connexion," akarudia.

Profesa akasimama. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. "Wakati wetu tulikuwa tunatembea na miguu kutafuta kitabu kimoja," akaniambia. "Nyinyi munaletewa dunia nzima hapa mu ordinateur, na bado munasema haiko. Na sasa unamusingizia mubaba wa watu juu ya uvivu wako."

Nikakusanya karatasi zangu. Wanafunzi wengine waliinamisha vichwa wakajifanya wanasoma.

Kesho yake ndiyo asubuhi ninayokuambia. Profesa alikuwa anavuka mpaka kwenda kupanda ndege Bujumbura, na mimi nilitangulia pale mpakani Kavimvira na kazi yangu kwapani, nikasimama kando ya barabara katikati ya wauza mikate na wabadilisha fedha. Gari lilipopunguza mwendo nikalikimbilia. Aliteremsha kioo kidogo.

"Session ijayo, Mademoiselle," akasema. "Weye soma kwanza."

Kioo kikapanda. Nilimwona akitoa pasipoti yake, nikaliona gari likipita kizuizi, na mimi nikabaki na karatasi zangu upande huu. Nililia barabarani, Amani, mtu mzima mimi, na sikujificha.

Mwaka ukapotea hivyo, nikingoja hiyo session, yaani kikao kingine cha kutetea. Masomo yalipoanza kule nyumbani, nafasi yangu ilipewa mtu mwingine, na bado yumo mpaka leo, Mungu ambariki, si kosa lake. Baba hakunilaumu kwa neno. Lakini aliacha kukaa benchi la mbele kanisani, akahamia nyuma karibu na mlango. Watu walikuwa wanamwuliza, "Binti yako alimaliza?" na yeye anajibu, "Bado kidogo." Jibu hilo alilitoa mwaka mzima kwa sababu ya rekodi ambayo mtu mmoja angeifuta kabla chai yake haijapoa!

Tantine Zawadi aliniachia nilie siku kadhaa. Siku moja akarudi kutoka shuleni, akaweka mfuko wake wa madaftari chini, akanikuta nimejikunja kitandani mchana.

"Weye Mapendo, utalia mpaka lini?" akasema. "Kulia kwako kutaondoa lile jina mu ordinateur? Kesho mwanafunzi mwengine atabofya palepale, na profeseri atamuita muongo vilevile. Kama uko na hasira, ipeleke kwenye iko kazi. Hapa kwangu hakuna kazi ya hasira, kuko vyombo tu vya kuosha."

Nilichukia maneno yake. Nikaosha vyombo kwa kelele ili asikie. Lakini juma lililofuata nilirudi chuoni na kumwambia Bwana Déo kwamba nataka kumsaidia maktabani bila malipo wakati nikingoja kikao kingine cha kutetea. Alinitazama kwa wasiwasi, kisha akakubali. Nafikiri alikuwa na aibu, na aibu ya mtu mkubwa mara nyingine inafungua mlango ambao huruma yake haikuufungua.

Sasa sikiliza sehemu inayoniuma kuliko zote.

Bwana Déo alinipa kazi ya kupangusa rafu za nyuma, zile zilizokaa karibu na ukuta unaovuja. Huko kulikuwa na majarida ya karatasi yaliyotolewa zamani na kituo kimoja cha utafiti wa kilimo cha uwandani kilipofungwa. Nikatoa rundo moja, nikapuliza vumbi, nikasoma jina. Lilikuwa jarida lile. Toleo baada ya toleo, limefungwa kwa kamba ya katani. Nikakaa chini sakafuni, nikatafuta, nikaipata makala yangu, kurasa zake nzima, na mtu wa zamani alikuwa amepigia mistari kwa kalamu nyekundu. Meza aliyoketi profesa siku ile unaiona ukiwa pale rafuni. Ukinyoosha shingo unaiona.

Nikamwita Bwana Déo. Nikamwuliza kwa nini katalogi haikusema kwamba tuna karatasi. Akaniambia ukweli wote, na kwa hilo namheshimu.

"Ile siku ya kuingiza fichier ya projet," akasema, "ordinateur ilikuwa inauliza: revue hii iko tayari mu catalogue, tubadilishe? Ikauliza tena, na tena. Nilichoka. Watu wa sherehe walikuwa wanangoja. Nikafinya oui kwa zote."

Umeelewa, wewe uliyesomea mambo haya? Rekodi za zamani, zile zilizosema tuna karatasi, rafu gani, matoleo gani, alizifunika zote kwa rekodi mpya za mtandao. Mradi ulipokufa, katalogi ikabaki inaahidi tusichokuwa nacho na kuficha tulichokuwa nacho. Ndiyo moja, kwa kidole kimoja. Nilimpigia kelele, mwanangu. Nilimwambia maneno ambayo binti hamwambii mtu wa umri wa baba yake. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Minye pia niliogopa," akasema. "Mkurugenzi aliniambia kama nitapunguza hata moja, tume itatufunga, na watu wote wa hapa watakosa kazi."

Nilitetea kazi yangu kikao kilichofuata, profesa yuleyule akiwa mbele yangu, na makala ile ikiwa imesomwa vizuri. Alinipongeza kwa kufuata ushauri wake. Nilitaka kumweleza. Nikaangalia saini yake, nikaenda kumpelekea baba diploma.

Bwana Déo alipohamia Bukavu kwa watoto wake, nikapewa maktaba. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufuta. Sikufuta kwa pupa. Nilichukua jina moja moja, nikabofya, nikaenda rafuni kuangalia kama kuna karatasi, nikarudi. Yaliyokufa niliyatoa. Yaliyokuwa na karatasi nikayarudishia rekodi zake. Yale ambayo wenyewe wanayaacha wazi kwa dunia nzima nikayaandika hivyo, wazi, bila mkataba. Mkurugenzi alipofungua katalogi na kuona kilichobaki, aliniita ofisini akanifokea mpaka katibu wake akafunga dirisha. Akasema nimekivua chuo nguo mbele ya wageni.

Na tume ikaja, mwanangu. Hatimaye ikaja, baada ya kungojwa miaka. Wakakagua diploma za walimu. Wakakagua vyoo. Wakahesabu madawati, wakauliza kwa nini maabara haina maji. Maktabani waliingia, wakasalimia, mmoja wao akaniuliza kama paa linavuja mvua ikinyesha. Nikamwambia linavuja. Akaandika, wakatoka. Hakuna aliyeuliza majarida ni mangapi. Hakuna aliyegusa kompyuta! Nilisimama katikati ya kile chumba nikiwa na hasira, kwa sababu mwaka wangu, na nafasi yangu, na benchi la mbele la baba yangu kanisani, vyote vilichomwa ili kulinda hesabu ambayo hakuna mtu aliyekuja kuiuliza.

Sasa narudi kwako.

Najua mradi mpya umeingia. Najua mmepewa faili, na najua mkurugenzi wa sasa amekuambia uliingize upesi kabla ya ukaguzi. Unaona jinsi mambo hayabadiliki, hata wino wa hotuba nadhani ni uleule. Lakini kuna jambo ambalo hujui kwamba ninalijua. Jarida analolitafuta Furaha tunalo kwa karatasi. Lilikuja ndani ya makatoni kutoka hospitali moja ya misioni kule milimani, na mimi mwenyewe niliiandika rekodi yake, nikiwa na macho mazima. Jana nilimwambia arudi aombe matoleo ya rafuni. Akanijibu, "Mama, catalogue haisemi kama kuko papier." Nikatumia simu yake, nikatafuta mwenyewe, nikiisogeza karibu na pua. Rekodi yangu haipo. Imefunikwa. Na wewe, mashine ilipokuuliza, ulijibu nini? Usinijibu mimi. Jibu moyoni mwako.

Sasa sikia ninachokuusia, na uwausie wale utakaowafundisha.

Faili la majarida likija, usiliamini kwa sababu limetoka mbali. Liingize pembeni kwanza, mahali ambapo wasomaji hawaoni, uliangalie. Mashine ikikuuliza kama ibadilishe rekodi ya zamani, simama, nenda rafuni, kisha ndiyo ujibu. Jarida la karatasi na la mtandao yanaweza kuwa na jina moja, lakini msomaji ana haki ya kujua lipi analiona kwenye skrini na lipi analishika mkononi. Bofya wewe mwenyewe, na usibofye kutoka ofisi ya mkurugenzi ambako kila kitu kinafunguka. Bofya kutoka ile kompyuta ya kona wanayotumia wanafunzi, kisha toka nje ya chuo ubofye kwa simu. Ukiambiwa jarida linasomeka mpaka leo, fungua toleo la mwisho uone, maana wachapishaji wengi wanaifunga miaka ya karibuni na kutuachia ya zamani. Andika miaka ile tunayoisoma kweli. Jarida likibadilisha jina, unganisha la zamani na jipya, ili mtu asidhani limekufa. Na siku unayoingiza mkataba, siku hiyohiyo andika ukutani utakwisha lini, na ukiisha toa majina, hata kama katalogi itabaki nyembamba na wakubwa watakununia.

Mkubwa akikufokea, mwache afoke. Mimi nilifokewa, na niko hapa, nakunywa chai yangu. Lakini msichana anayeitwa mwongo mbele ya wenzake kwa sababu wewe umeogopa kusema neno moja, huyo huwezi kumrudishia mwaka wake. Sijui namna ya kuurudisha. Ningeijua ningemrudishia baba yangu mwaka wake kabla hajazikwa.

Na usiniambie connexion. Neno hilo lisitoke tena mdomoni mwako ukiwa unajua kwamba mlango umefungwa. Kama hatuna, sema hatuna. Haiko. Ni neno fupi, na kila mtu hapa Uvira analielewa.

Nimekasirika kwa sababu nakupenda, Amani. Ningekuona mtu wa ovyo nisingepoteza asubuhi yangu. Wakati nakukabidhi ile maktaba nilikuwa nalala vizuri, nikijua kuna mtu mwenye moyo pale. Nataka kulala vizuri tena.

Leo ni Jumatano, na profesa wa Furaha anavuka mpaka Ijumaa. Kwa hiyo chai yako utaichukua kwenye chupa, utapanda pikipiki hapo nje, na utaanza na rafu ya tatu kutoka dirishani. Huenda toleo analolihitaji limo, huenda halimo. Hilo ndilo unalolipwa kulijua. Likiwemo, mpelekee mkononi. Lisipokuwemo, nenda kwa profesa, Furaha akiwa amesimama karibu yako, na umwambie mbele yake kwamba jarida halifunguki, kwamba ulijua, na kwamba binti huyu alisema kweli tangu mwanzo. Mwangalie machoni ukisema. Usishike kitambaa.

Mungu akutangulie, mwanangu. Akupe miguu isiyochoka kwenda rafuni na kidole kisichoogopa kufuta. Akufungulie riziki kwa watu utakaowaambia ukweli, awafanye wengi, na watoto wako wasije wakaitwa waongo na mtu kwa jambo walilolisema kweli. Na yule msichana awe na saini yake kabla gari halijafika Kavimvira, ili baba yake, popote alipo, abaki kwenye benchi lake la mbele.

Sasa nenda. Chupa iko mezani.